Homa Ilipoingia Huruma

Chepkoilel,
Eldoret.
14 Mei 1990

Ndugu yangu Kipngetich,

Pokea salamu za nyumbani, za Mzee kwanza, halafu zangu mimi dada yako. Sijui kama huko Wajir kuna mtu atakayeamini nikisema hapa kumenyesha tangu Machi bila kupumzika. Mahindi yetu ya karibu na mto yameoza yangali machanga. Ng'ombe yule wa pembe moja amezaa ndama jike. Mzee alishikwa na homa akalala siku sita, lakini sasa anatembea hadi kwa lango na kurudi, na ameanza tena kugombana na majirani, kwa hivyo najua amepona.

Homa hii imetushangaza sote. Tulizoea kusikia malaria ni ya watu wa ziwani. Hapa juu hatukujua hata neti inafungwaje. Jikoni kwetu pale chuoni tulikuwa wapishi kumi na wanne, sasa tumebaki saba. Kwenye baraza la wiki jana chifu alisema hakuna ugonjwa, ni mafua ya mvua tu, na yeyote anayesema kuna ugonjwa anataka kuchafua jina la serikali. Alisema hayo akiwa amejifunga blanketi, anatetemeka. Watu walipiga makofi.

Jumamosi nilienda mtaa wa Huruma kumwona mke wako Nasambu. Yule mama wa Kikuyu wa kwenye plot yao ya vyumba vya kupanga, Mama Waithira, aliyekuwa anawalea watoto wa wanawake wanaoenda kiwandani, naye ameshikwa na homa. Amefunga mlango wake. Watoto kumi na mmoja aliokuwa akishinda nao mchana hawana pa kwenda. Nasambu bado ni kibarua tu pale kwa kiwanda cha nguo, na unajua kibarua akikosa siku moja anakuta mtu mwingine amekalia kiti chake. Nilimuuliza wanafanyaje. Akasema, "Tunafanya tu." Amekonda.

Wasichana wako niliwakuta wanacheza mlangoni. Jemutai alinisomea maandishi yote ya pakiti ya maziwa ya Nyayo wanayopewa shuleni bila kukosea. Angeline alinikimbilia akanishika mguu. Mdogo wao Kemboi alikuwa amelala, sikumwamsha.

Tafadhali mwandikie mke wako. Mwandikie upesi, hata kama huna neno la maana.

Ni mimi dada yako,
Jelagat

---

Kambi ya Barabara,
Wajir.
4 Juni 1990

Dada yangu Jelagat,

Barua yako ililetwa jana na lori la Garissa, pamoja na vipuri vya tingatinga ambalo limelala hapa tangu Aprili. Nimefurahi kusikia Mzee anatembea. Mwambie ndama huyo asiuzwe. Hapa sisi tunaota tu mvua yenu. Stoo yangu ni ya mabati pande zote, na ikifika saa sita mchana siwezi kushika chuma chochote bila kitambaa. Tumezoea maziwa ya ngamia. Mwanzoni niliyatapika.

Kuhusu mke wangu, usiwe na wasiwasi mwingi. Mama Jemutai ni mtu mwenye nguvu, nilimwoa nikijua hivyo. Umesema amekonda. Kila mtu hukonda wakati wa mvua. Na wanawake wa plot ni wengi, hawawezi kukosa namna ya kusaidiana.

Nitamwandikia. Hapa kila koleo linalotoka lazima niliandike na kila linalorudi niliandike, hata jioni mkono hautaki kalamu tena. Likizo yangu ni Agosti.

Ulisema uliwakuta watoto wote nyumbani. Mahali hapo pa barua yako nimepasoma mara nyingi.

Wasalimie Jemutai na Angeline.

Nduguyo,
Kipngetich

---

Eldoret.
20 Juni 1990

Kipngetich,

Mzee hajambo, ndama hajambo, na mimi pia sijambo. Hizo ndizo salamu za leo. Ninakuandikia nimeketi kwenye benchi la hospitali na karatasi nimeiweka juu ya goti, usishangae mwandiko.

Jana Jumanne nilipata ruhusa nikapita Huruma na maziwa. Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Nikaona mlango wa nyumba yako umefungwa kwa kufuli kubwa, kutoka nje. Nilikuwa nimegeuka kuondoka, nikasikia mtu anaimba ndani, pole pole, kama mtu anayebembeleza mtoto. Nikagonga.

"Nani huko?"

Ilikuwa sauti ya Jemutai. Nikamwambia ni mimi Shangazi, fungua.

"Mama alisema nisifungulie mtu. Hata nikitaka siwezi. Ufunguo ameenda nao."

"Kwa nini hukuenda shule?"

"Mimi ndiye nakaa na Angeline."

"Angeline yuko wapi?"

"Ako hapa. Ameacha kulia."

Kipngetich, nililivuta lile kufuli kwa mikono miwili. Nilianza kupiga kelele pale uani. Nilimtukana mke wako kwa majina ambayo sitayaandika. Mwanamke wa chumba cha pili akatoka, naye ana homa, anajishikilia kwa ukuta. Akaniambia, "Shangazi, usipige kelele. Hapa kwa plot kuna makufuli matano kama hilo. Mimi kama singekuwa mgonjwa, langu lingekuwa la sita." Nikatazama. Ni kweli. Milango mitano, makufuli matano, na nyuma ya kila mmoja kuna watoto walionyamaza kwa sababu wamesikia mgeni.

Tulivunja kufuli kwa jiwe la kusagia. Jemutai alikuwa amemlaza mdogo wake kwa sakafu, karibu na karai la maji, anamfuta kwa kitambaa. Alikuwa amemfuta tangu alfajiri. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Ana miaka sita. Angeline alikuwa wa moto kuliko chungu, macho yamegeuka.

Wodi hii siwezi kukueleza vizuri. Watoto wanalala watatu kwa kitanda kimoja, na kina mama wako chini, katikati ya vitanda, wengine wanatetemeka wenyewe. Wauguzi wamechoka hata wanalala wakiwa wamesimama. Walimfungia Angeline maji ya mshipani.

Nasambu alikuja kazi ilipoisha. Plot walikuwa wamemwambia. Alisimama mbali na kitanda kama mtu aliyeingia wodi isiyo yake. Nikamwambia, njoo umshike mtoto. Hakusogea. Akaniambia hivi, neno kwa neno:

"Mshike wewe, Shangazi. Mimi nikishika watoto wanakufa."

Sasa umesoma hapo na umejiuliza ni watoto gani wanaokufa. Ndugu yangu, keti chini kama umesimama.

Kemboi alifariki Jumapili tarehe sita Mei. Homa ilimpata Alhamisi, na Jumapili asubuhi akaondoka mama yake akiwa amembeba njiani kwenda hospitali. Tulimzika Jumatatu hapa Chepkoilel, juu ya boma, karibu na Mama yetu. Mzee ndiye alisema usiambiwe. Alisema mtu hawezi kupewa habari kama hiyo akiwa peke yake jangwani, ungoje hadi Agosti, uambiwe ukiwa umeketi kwa watu wako. Alimkataza Nasambu kukuandikia. Na mimi nilikubali, na nikakuandikia kwamba mtoto amelala. Mkono huu ndio uliandika.

Kuna lingine. Pale kaburini Mzee alisema, watu wote wakisikia, kwamba mwanamke wa kwetu hangeacha mtoto wa miezi tisa aende kushona suruali za watu. Mimi niliendelea kusawazisha udongo. Nasambu alitazama chini. Jumanne alirudi kazini.

Sijui nikifunga bahasha hii Angeline atakuwa wapi. Omba ruhusa uje.

Jelagat

---

Kambi ya Barabara,
Wajir.
10 Julai 1990

Dada Jelagat,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Leo nimeamua niandike kabla lori halijaondoka, kwa maana lisipobeba hii sitaandika tena.

Kwanza Angeline. Tafadhali tuma simu kwa kambi kupitia ofisi ya barabara Garissa. Neno moja tu.

La pili ni gumu kuliko hilo. Dada, nilikuwa najua.

Nasambu hakumtii Mzee. Aliniandikia siku ile ile ya Jumapili. Barua yake ilinifikia tarehe kumi na tisa Mei, kabla ya yako. Ilikuwa mistari mitatu. Kemboi ametuacha leo. Sina mtu wa kulia naye. Njoo.

Nilisomea pale stoo. Watu walikuwa wamesimama kwa dirisha wanangoja makoleo. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaendelea kugawa makoleo mpaka yakaisha. Nikawagawia na yale ambayo hawakuomba. Jioni nilichukua karatasi nikaandika "Mama Jemutai" halafu sikujua mtu anaandika nini baada ya hapo. Kesho yake nikaandika tena "Mama Jemutai". Karatasi hizo ziko hapa, ziko tisa.

Halafu barua yako ikaja ikasema alikuwa amelala, hukumwamsha. Wewe hujawahi kunidanganya tangu tukiwa watoto. Nikajiambia, basi kumbe Nasambu alichanganyikiwa na homa, aliandika ndoto. Kemboi yuko. Jelagat amemwona. Ndani ya moyo nilijua si hivyo, lakini nilitaka barua yako iwe ndiyo ya kweli, na ili ibaki ya kweli ilibidi nisikuulize chochote. Kwa hivyo sikuuliza. Nikakuandikia habari za tingatinga.

Kuhusu ruhusa, nimeiomba leo. Nilikuwa na haki ya kuiomba tangu Mei.

Usimwambie kwamba barua yake ilifika. Aamini ilipotea njiani. Barua nyingi hupotea.

Kipngetich

---

Eldoret.
26 Julai 1990

Kipngetich,

Angeline amepona. Nilituma simu mara mbili, na kama hazikufika basi neno lenyewe ni hili. Ametoka wodini amekonda na anakohoa, lakini anakula, na ameuliza kama ng'ombe wa pembe moja ameota nyingine.

Sina salamu zaidi ya hizo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, chuo kimefungwa ghafla na hakuna mtu wa kupikia. Niliirudia mara ya pili nikidhani sijui kusoma. Mimi nilidanganya, sawa, nitajibu kwa hilo. Lakini wewe ulikuwa na barua ya mke wako mfukoni miezi miwili! Yeye alikuwa akipita posta kila Jumamosi kazi ikiisha. Mama Waithira ndiye aliniambia. Kila Jumamosi anauliza kwa dirisha kama kuna kitu kutoka Wajir, wanamwambia hakuna, anasema asante. Unajua alikuwa anafikiri nini? Alikuwa anafikiri Mzee alikuandikia, na wewe umekubaliana na Mzee.

Sasa nikuambie lililotokea, na hapa tena keti.

Tarehe kumi na mbili Nasambu hakufika kiwandani. Wasichana walikuwa kwangu. Plot walifikiri amekuja kwangu, mimi nilifikiri yuko kazini. Siku mbili hatukujua. Siku ya tatu dereva wa lori la viazi alileta ujumbe kutoka Burnt Forest: kuna mwanamke hapa, anasema ni wa Huruma.

Alitembea kwa miguu, Kipngetich. Kwa barabara ya Nakuru, kwenye mvua hiyo. Wanawake wa sokoni walimwona amepita na mtoto mgongoni, amefunikwa blanketi vizuri, na walipoona mama mwenyewe hana viatu wakamwita apumzike. Mmoja wao, anaitwa Warigia, anauza viazi, akamwambia, "Mshushe mtoto anyonye." Nasambu akasema hapana, atamshusha wakifika Timboroa. Kwa nini Timboroa? Kwa sababu kule ni baridi, mbu hawapandi kule, watoto wa Timboroa hawafi.

Warigia akainua blanketi amtazame mtoto. Hakukuwa na mtoto.

Mama huyo alipokuwa ananieleza alikuwa bado anashika kifua chake.  Lakini hakumfukuza, wala hakumcheka. Alimpeleka kwake, akampa nguo kavu na uji, akamlaza kitandani mwake siku mbili, yeye akalala chini. Hawakujuana hata kwa jina.

Nilimrudisha Eldoret tukampeleka hospitali. Nilidhani watasema ni wazimu, nikajitayarisha. Daktari kijana alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Mtoto alizikwa lini?" Nikasema Jumatatu. "Na kazini alirudi lini?" Nikasema Jumanne. Akaweka kalamu chini. Akasema huyu hajarukwa na akili, huyu ni mama aliyefiwa na hakupewa hata siku moja ya kulia. Akasema tangu mvua ianze ameona wengine wanne wa namna hiyo, na hao ni wale tu walioletwa. Amempa dawa ya kulala. Amesema asiachwe peke yake, na asiambiwe ajikaze.

Mama Waithira amehamia kwa chumba cha Nasambu. Yeye mwenyewe hayuko sawa. Watoto watatu kati ya wale kumi na mmoja wamekufa, na kuna kina mama wanaovuka njia wakimwona, kana kwamba homa aliipika yeye. Wanakaa wawili tu, mlango wazi.

Wasichana ninawapeleka Timboroa kesho, kwa mama mdogo, nami nitakaa nao huko. Nimeona aibu kusema, lakini ni kweli kule hakuna mbu.

Umeniomba nisimwambie kuhusu barua. Sitamwambia. Utamwambia wewe kwa mdomo wako, umesimama mbele yake. Njoo, au usiniandikie tena maisha yako yote.

Jelagat

---

Huruma,
Eldoret.
2 Septemba 1990

Dada yangu,

Nakusalimu wewe na mama mdogo na wasichana wangu. Nilipata ile karatasi ya Jemutai yenye picha ya msitu, nimeibandika ukutani. Hapa mvua imepungua. Watu bado wanaugua lakini si kama zamani. Tulimzika mtoto mmoja tu wiki hii kwenye plot, na niliposikia mtu anasema "mmoja tu" nikashtuka kwamba nami nilikuwa nimefikiri vivyo hivyo.

Nilifika tarehe kumi na moja Agosti. Mama Waithira alinifungulia, akanitazama kutoka kofia hadi viatu, akasema, "Kumbe uko hai." Akachukua shuka lake akarudi chumbani kwake.

Nasambu alikuwa ameketi kitandani. Sikumjua. Nilimwona kwanza nikadhani ni dada yake mkubwa. Nilimsalimia, akaitikia kwa kichwa. Siku tisa hakunisemesha. Nilikuwa napika, nafua, nachota maji, wanawake wa plot wananitazama na kunong'ona. Akipewa chakula anakula vijiko viwili. Nikitoka nje anatazama mlango, nikiingia anatazama ukuta. Nilikwenda peke yangu kaburini. Mzee alinifuata akasimama nyuma yangu. 

Siku ya kumi nilimwambia. Ilikuwa mchana, mlango wazi, watu wanaanika nguo. Nilipiga magoti mbele yake.

Nikasema, "Mama Jemutai, barua yako ilifika."

Akageuza kichwa. "Barua gani?"

"Ile ya Jumapili. Nilipata tarehe kumi na tisa."

"Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Yote?"

"Yote."

Alivuta blanketi, dada, akalikunja magotini pindo kwa pindo. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Na ile ya pili?"

Sikuwa nimekuambia juu ya barua ya pili. Kuna ya pili. Ilikuja mwisho wa Mei. Hiyo sikuifungua kamwe. Nilimwambia hivyo: sikufungua.

Akasimama. Sijui nguvu alitoa wapi. Alichukua mwiko akanipiga nao begani, akanipiga mgongoni, na huku anapiga kelele. Kelele yenyewe, Jelagat, sijawahi kusikia mtu akitoa. Alisema aliandika ya kwanza kabla maji ya kumwosha mtoto hayajapoa. Alisema hiyo ya pili alikuwa ananiuliza kama afunge mlango au aache wazi. "Nilikuuliza! Nilikuuliza, Baba Jemutai! Nikifunga wakiungua ndani ni mimi, nikiacha wazi wakipotea ni mimi, nikikaa nyumbani wakifa njaa ni mimi! Nilitaka uchague wewe hata mara moja, ili siku ikiharibika tuwe wawili!"

Plot yote ilijaa mlangoni. Mwanamume mmoja alitaka kuingia amshike. Mama Waithira akaziba mlango na mwili wake. Akamwambia, "Toka hapa. Muache amalize. Waume zetu sote ndio anaowapiga." Na nikaona nyuma yake wanawake wa yale makufuli, wameziba midomo kwa leso, wengine wanalia. Mmoja akakaa chini kabisa kwenye matope.

Alipomaliza ilikuwa karibu saa kumi. Alikaa sakafuni karibu nami. Akalia mpaka shati langu likalowa. Halafu akalala, bila ile dawa, mpaka asubuhi.

Alipoamka aliniuliza, "Angeline bado anakohoa?"

Sitaki kukudanganya kwamba amepona. Kuna siku hasemi. Kuna wakati namkuta amesimama mbele ya mlango anashika komeo, analifungua na kulifunga. Kiwandani wamemweka mtu mwingine. Mimi nimeandika kwa ofisi kuomba nihamishwe karibu, hawajajibu, na ruhusa yangu imekwisha siku kumi zilizopita. Sirudi Wajir, na iwe itakavyokuwa. Asubuhi wanawake watatu wameanza kuacha watoto kwa Mama Waithira tena. Jana Nasambu alikwenda kukaa naye pale. Hakushika mtoto yeyote. Alikaa tu, akaondoka na mgongo umelowa jasho kana kwamba amelima.

Sasa sababu ya barua hii. Amesema mwonane naye ana kwa ana Jumamosi hii, wewe na Mzee. Ana maneno ya kukuambia wewe na ana ya kumwambia Mzee, na amesema hawezi kuyabeba mengine mpaka ayatoe hayo. Nilimpelekea Mzee ujumbe huo mwenyewe. Nilitarajia anifukuze. Badala yake akauliza Jumamosi ni tarehe ngapi.

Ni tarehe nane. Uje na wasichana. Nilimuuliza Nasambu kama niwape nafasi ninyi wawili kwanza, watoto wabaki kwa jirani. Akakataa. Amesema Jemutai na Angeline waingie kwanza, peke yao, na watu wazima wote wangoje nje mpaka atakapoita.

Hajasema tutangoja muda gani. Nitakuwa pale uani na Mzee. Nimekuwekea kiti.

Ndugu yako,
Kipngetich